Marehemu Waliochukua Mbolea

Mtu anayejua kuchongea hasemi uongo mwingi. Anaokota kweli moja, anaisimamisha mbele za watu, halafu anakaa pembeni kuitazama ikimfanyia kazi. Hilo Inspekta aliling'amua alipoisoma ile ripoti kwa mara ya tatu, asubuhi, chai ikimpolea kando ya kiwiko.

Kweli yenyewe ilikuwa hii. Katika orodha ya wakulima waliopokea mbolea ya ruzuku msimu ule, ishirini na watatu walikuwa wameshazikwa. Wala haikuwa habari ya kusikia. Afisa Pembejeo wa wilaya alikuwa ameambatanisha vyeti vya vifo, kila kimoja na pini yake, vimepangwa kwa tarehe kama sare za shule. Na mbolea ya serikali ilikuwa imetoka ghalani kwa majina hayo, mifuko miwili kila jina.

Kwa ajili hiyo mtunza ghala, ambaye wilaya nzima ilimwita Mzee Kufuli, alikuwa amelala mahabusu siku nne. Saa nane mchana gari la magereza lingepita kumchukua kumpeleka mahakama ya mkoa. Akishafika huko, mtu wa miaka sitini na mmoja asiye na wakili, angeweza kukaa rumande mvua mbili zikapita bila mtu kumuuliza hata ameamkaje.

"Afande, kesi hii imeshaiva," Sajenti alisema. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, amebakiza miezi saba kustaafu, na hakupenda kazi ambayo ingemtoa kwenye kivuli. "Imebaki kupakua."

"Imeiva upande mmoja," Inspekta akasema. "Chapati hujaigeuza, unataka kuila?"

Kituoni walimwita Chujio, kwa kumteta. Alijua, na hakuwahi kuwakataza. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye kutembea kama anayeenda kudai haki yake. Alikunywa ile chai ikiwa baridi hivyo hivyo, akachukua funguo, akateremka chini kwa mahabusu, Sajenti nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniuliza au kunisomea?"

"Kukuuliza. Malori mangapi ya mbolea yalikuja ghalani?"

"Mawili."

"Karatasi zinasema matatu."

"Karatasi hazikupakua mifuko. Niliyesimama mlangoni ni mimi."

"Lori la tatu limepokelewa kwa saini ya Afisa Pembejeo, kwa niaba yako. Anasema siku hiyo ulikuwa na homa."

"Homa nilikuwa nayo. Kesho yake niliporudi nilihesabu mifuko, nikaikuta kama nilivyoiacha. Mfuko wa mbolea haujifichi, mwanangu, una kilo hamsini."

"Na daftari lako la wapokeaji?"

"Nilimpelekea yeye, wachape orodha. Kila msimu napeleka, linachapwa, linarudi. Safari hii halikurudi."

"Anasema alikurudishia mkononi."

"Mwulize mkono upi."

Sajenti alicheka puani, akajikaza. Inspekta akakunja miguu, akachuchumaa usawa wa mzee. "Sasa niambie kuhusu hawa marehemu."

"Wana nini marehemu?"

"Umewapa mbolea."

"Nimewapa," mzee akasema bila hata kupepesa. "Na msimu ujao nikiwa mzima nitawapa tena. Nenda kawaulize walivyoitumia."

Nje, Sajenti alijifuta jasho. "Umesikia mwenyewe. Amekiri mchana kweupe."

"Mwizi anayekiri hivyo sijamwona," Inspekta akasema. "Washa gari."

*

Katika vile vyeti ishirini na vitatu alichagua kile cha juu kabisa: fundi baiskeli, alifariki miaka sita iliyopita. Nyumba yake waliikuta nje kidogo ya mji, ukuta umepakwa rangi nusu, nusu ya pili ikisubiri neema. Mjane wake alikuwa anapembua maharage barazani. Aliinuka kuwapisha viti, akaona sare, akakaa tena.

"Mama, nakuja kwa neno la ajabu kidogo," Inspekta akaanza. "Marehemu mumeo msimu huu amepokea mbolea ya ruzuku?"

"Amepokea," mjane akajibu. "Mifuko miwili."

Sajenti akatazama paa.

"Aliipokeaje?"

"Nilimpokelea mimi. Si mkewe? Hata alipokuwa hai, cha kwake kimoja nilichokuwa simbebei ni pumzi." Akaingia ndani, akarudi na kadi ya mkulima iliyovikwa karatasi ya nailoni. Picha ilikuwa ya mwanamume mwenye masharubu. "Shamba liko kwa jina lake, na kadi inafuata shamba. Kubadilisha jina inataka hati, hati inataka mirathi, na mirathi inataka shemeji zangu wanne wakae meza moja wasitukanane. Hilo la mwisho ndilo halijawezekana."

"Na Mzee Kufuli analijua hilo?"

"Alikuja kumzika. Ataachaje kulijua? Yeye anaandika jina lililo kwenye kadi, anatazama aliyeishika, anauliza, 'Watoto hawajambo?' Basi. Angeandika jina langu ingekuwa ndiyo uongo, maana mimi serikalini sina hata robo ekari."

Inspekta aliomba kuliona shamba. Mahindi yalikuwa usawa wa kiuno, ya kijani iliyokolea, mistari imenyooka. Mwaka jana, mjane alisema, ruzuku haikutosha, na mahindi yalikuwa ya njano kama yana kinyongo. Inspekta alikuwa mtoto wa mkulima. Hakuhitaji bwana shamba amweleze kwamba mbolea ile imeingia ardhini.

Walipita nyumba mbili zaidi. Kwenye ya kwanza marehemu alikuwa bibi, na mbolea imechukuliwa na mjukuu. Ya pili alikuwa baba wa watoto tisa, na mtoto wa tatu, aliyebaki shambani, akawaonyesha mifuko mitupu aliyoifua akaifanya pazia la choo. Kila mmoja kadi yake, kila mmoja kaburi lake, na kila mbolea ilikofika kunajulikana.

"Sasa nimechanganyikiwa," Sajenti alisema wakiwa njiani. "Kama wizi si wa marehemu, wizi uko wapi?"

"Umeshauliza swali la maana, na jua bado halijafika utosini. Sasa nataka mtu anayewajua wafu wa vijiji vyote vitatu vya ghala hili kuliko ofisi ya vizazi na vifo."

"Mchungaji?"

"Mchungaji anawajua wa kwake, na shehe wa kwake. Twende kwa anayezika wote."

*

Seremala wa majeneza alikuwa na karakana nyuma ya mashine ya kusaga. Jina lake lilishasahaulika, aliitwa Vipimo. Watoto walimkimbia akiwatazama sana. Alikuwa akipiga randa ubao, akaendelea mpaka aufikishe mwisho ndipo akawasalimia.

"Karibuni. Sajenti, wewe umenenepa tena. Unaniharibia hesabu."

"Hesabu zako kaa nazo," Sajenti akasema, akasogea mbali na mbao.

Inspekta alitandaza orodha juu ya benchi la kazi. Karatasi tisa zilizochapwa kwa kompyuta, majina arobaini kila karatasi, na mbele ya kila jina alama ya kupokea. "Mzee wangu, chukua penseli yako hiyo ya sikioni. Kila jina ambalo mwenyewe ameshafariki, liwekee nukta. Usitazame vyeti. Tazama kumbukumbu yako."

Vipimo alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akainama. Alifanya kazi kama anayesoma barua za nyumbani. "Huyu, mninga, futi sita. Huyu walimzika na koti, jeneza likakataa kufunga. Huyu... wanawe bado wananidai nyundo, eti niliiazima kwao." Penseli ilitembea. Karatasi ya kwanza ilipata nukta kumi na moja. Ya pili tisa. Ya tatu kumi na tatu.

"Afisa alipata ishirini na watatu kwa karatasi zote," Sajenti alinong'ona. "Huyu ameshawapita hao kwenye tatu tu."

"Afisa alipata wenye vyeti," Inspekta akasema. "Huku nani anasafiri siku nzima kwenda kumwandikisha aliyekwisha kufa? Wenye vyeti ni wachache. Waliobaki anao Vipimo."

Ya nne, kumi. Ya tano, nane. Ya sita, kumi na mbili. Kisha karatasi ya saba, na penseli ikasimama. Ilishuka jina kwa jina mpaka chini bila kugusa karatasi. Ya nane, vile vile. Ya tisa, vile vile. Vipimo akavua miwani, akamtazama Inspekta kama aliyeuziwa ubao wenye ufa.

"Hizi tatu za mwisho za wapi?"

"Za hapa hapa. Ghala lile lile."

"Hapana, dada yangu. Huku hakuna kijiji ambacho watu arobaini wamekaa kwenye mstari na baba zao wote wazima. Ardhi yote ya huku iko kwa majina ya marehemu. Wewe mwenyewe shamba la kwenu liko kwa jina la nani?"

Shamba la kina Inspekta lilikuwa kwa jina la babu yake, ambaye yeye hakuwahi kumwona.

"Hawa nawajua wengine," Vipimo akaendelea, akipiga kidole karatasi ya nane. "Huyu alikuwa nesi. Huyu mwalimu mkuu. Huyu alifanya kazi reli. Ni watu waliokuja na kiinua mgongo wakanunua viwanja vyao wenyewe. Kadi zao safi. Lakini ghalani kwa Mzee Kufuli sijawahi kuwaona wamepanga foleni, na mimi karakana yangu inatazama mlango wake."

Sajenti alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole, akaacha, akahesabu kwa sauti. "Karatasi sita, watu mia mbili na arobaini. Mifuko mia nne na themanini. Lori moja linabeba mia mbili na arobaini..."

"Malori mawili," Inspekta akamalizia. "Na karatasi tatu za mwisho ni mifuko mia mbili na arobaini kamili. Lori moja. Lile lililosainiwa mzee akiwa na homa." Akakusanya karatasi, akazipigapiga benchini zikae sawa. "Tumekuwa tunawinda karatasi zenye wafu, Sajenti. Zile ndizo za kweli. Aliyeziandika hizi nyingine aliogopa wafu kama mtu wa ofisini anavyoogopa, akawachuja wote, akasahau kwamba huku bila wao hakuna orodha."

"Sasa tumkamate?"

"Kwa lipi? Atasema mzee ndiye aliyeziandika. Nataka ulimi wake mwenyewe. Kwanza twende kwa nesi."

*

Nesi mstaafu alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye kupanga kila kitu. Aliposikia kwamba amepokea mifuko miwili ya mbolea aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na faili la plastiki. Barua ilikuwa ya tatu kutoka juu.

"Nilikwenda kuomba mimi mwenyewe ofisini kwake, na kadi yangu. Tulikuwa wengi siku ile, wastaafu karibu wote. Akatupokea vizuri, akaandika kila mtu namba ya kadi. Baada ya wiki mbili nikaletewa hii."

Inspekta alisoma. *Nafasi za ruzuku zimejaa. Tafadhali jaribu msimu ujao.* Chini, saini ya Afisa Pembejeo, imekunjwa kwa madaha, na muhuri.

"Wenzako walipata barua kama hii?"

"Wote. Mwalimu mkuu aliitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni. Anasema ndiyo barua pekee serikali imemwandikia tangu astaafu."

"Naomba niazime yako. Nitakusainia."

"Saini na tarehe," nesi akasema. "Na saa."

*

Saa saba na robo waliingia ofisi ya Afisa Pembejeo. Chumba kilikuwa safi kuliko wodi. Kalamu tatu sambamba, majalada yenye lebo, kalenda iliyokatwa siku zilizopita kwa mistari ya rula. Afisa mwenyewe, shati limenyooka, aliwakaribisha kwa tabasamu la mtu aliyekwisha kushinda.

"Inspekta. Nilidhani mzee wetu ameshaondoka."

"Saa nane. Nimepita kukamilisha karatasi, mkoani wasije wakaturudishia kwa kasoro. Nina swali moja tu. Uliandika kwamba ofisi yako huchapa majina kama yalivyoletwa."

"Kama yalivyo. Hatuongezi wala hatupunguzi. Kwa kweli sikuyasoma mpaka malalamiko yalipokuja."

"Hata moja?"

"Nina vijiji vingi, Inspekta. Kazi ya orodha ni ya mtunza ghala."

Sajenti, kwenye kiti cha pembeni, alikuwa anaandika polepole. Inspekta alifungua jalada, akavuta karatasi ya nane.

"Vizuri. Shida yangu ni kwamba ripoti yako ina upungufu, na mkoani watatuaibisha sisi sote. Umetaja marehemu ishirini na watatu, wote wa karatasi sita za mwanzo. Lakini leo nimezunguka na wazee wa vijiji. Hii karatasi ya nane peke yake ina marehemu kumi na mmoja."

Tabasamu lilipungua kidogo. "Hiyo ya nane?"

"Kumi na mmoja. Ina maana uhakiki wako ulikuwa wa kulipua. Samahani kusema hivyo."

Neno *kulipua* lilimwingia mahali pabaya. Kuna mtu ukimwita mwizi atakutazama, lakini ukimwita mzembe atasimama. Afisa alisimama.

"Inspekta, wazee wa vijiji wamekudanganya. Hiyo karatasi haina marehemu hata mmoja."

"Nukta hizi hapa," Inspekta akasema, kiganja kimeifunika karatasi.

"Hata mmoja. Ya saba, ya nane na ya tisa ni safi. Hao wote walikuja hapa, mezani hapa, na kadi zao. Niliwaona kwa macho yangu, mmoja mmoja, nikalinganisha picha na sura. Mimi silipui kazi."

Kalamu ya Sajenti ilikuna karatasi, ikatulia.

"Walikuja hapa," Inspekta akarudia kwa upole. "Mezani hapa. Na kadi zao. Kufanya nini?"

Afisa alinyoosha kola ya shati. "Kuuliza... taratibu."

"Walikuja kuomba ruzuku." Barua ya nesi ilitua juu ya zile kalamu tatu. "Ukawaandikia kwamba nafasi zimejaa. Saini hii ni yako, na ziko nyingine, moja iko kwenye fremu. Kisha majina yale yale uliyoyanyima ukayachapa kuwa yamepokea. Mzee Kufuli hakuwahi kuwaona. Asingejua hata namba za kadi zao, maana walizileta kwako. Wewe hukusoma orodha mpaka malalamiko yalipokuja, lakini karatasi tatu unazijua kwa sura na picha."

"Kumi na mmoja hao ni akina nani?" Afisa aliuliza.

"Hakuna. Ulisema kweli. Iko safi kabisa."

Alikaa. Alinyoosha kalamu moja iliyosogezwa na barua, akaiweka sambamba na wenzake.

"Vyeti vile vya vifo," Inspekta akaendelea, "vilikupa wazo. Ulivikuta, ukaona mzee wa watu ana kosa tayari, kinachobaki ni kumtwisha na lako. Hukujiuliza kwa nini marehemu wako pale, kwa sababu hukuwahi kukaa barazani ukasimuliwa habari za shemeji wanne. Mifuko iko wapi?"

"Nataka wakili."

"Ni haki yako, utampata. Lakini mvua hazimsubiri wakili, na mbolea ikilowa inageuka jiwe. Ikikutwa jiwe, hakimu atataka kujua ulipewa nafasi ya kusema ukaikataa. Andika, Sajenti, kwamba nimemuuliza saa saba na dakika thelathini na tano."

"Kwenye tanuri la matofali la shemeji yangu," Afisa akasema. "Banda la nyuma. Haijauzwa yote."

"Kiasi gani kimebaki?"

"Zaidi ya nusu."

Sajenti alishainuka, kitambi na yote, na kwa mara ya kwanza siku ile hakutafuta kivuli.

*

Gari la magereza lilifika dakika tano kabla ya wakati, jambo ambalo halijawahi kutokea. Dereva aliambiwa abiria amebadilika. Akauliza kama huyu mpya naye ana makaratasi. Inspekta akamwambia ana makaratasi mengi kuliko yeye atakavyoweza kubeba, asubiri.

Mzee Kufuli alitolewa akiwa ameshika mkanda wake mkononi. Mkewe alikuwa chini ya ukuta wa kituo tangu alfajiri. Alisimama, akampangusa bega mahali palipokuwa pasafi.

"Mzee, mashtaka yamefutwa," Inspekta akasema. "Mifuko imejulikana ilipo, Sajenti ameifuata. Ghala litafunguliwa kesho na utalifungua wewe. Nisamehe kwa siku nne."

"Wewe umenitoa kwa saa sita," mzee akasema. "Waliobaki nitawasamehe taratibu, nina umri." Alivaa mkanda, tundu moja ndani kuliko alivyoingia.

"Panda, nikupeleke nyumbani. Tutapita njia ya nyuma, watu wasikusumbue."

Mzee alitazama gari, akatazama barabara kuu iliyopita katikati ya maduka, mashine ya kusaga na foleni ya watu bombani. Jua lilikuwa kali na kila mtu alikuwa nje.

"Siku ile walinipitisha pale," akasema. "Mchana kama huu, na pingu. Kila mtu alitoka mlangoni. Mwanangu, mimi njia ya nyuma sina kazi nayo."

Akaanza kushuka ngazi, mkewe ubavuni. Alipofika getini aligeuka.

"Kama una nafasi," akasema, "na hiyo sare yako umeivaa."

Inspekta alirudisha funguo za gari mfukoni. Alivaa kofia, akainyoosha, akawafuata, na wote watatu wakashika katikati ya barabara, polepole, kwa mwendo wa mzee. Kwenye duka la kwanza mtu alitoka akasimama mlangoni. Kisha na la pili.

"Shikamoo, Mzee Kufuli," mtu akaita.

"Marahaba," mzee akajibu, wala hakupunguza mwendo. "Watoto hawajambo?"